Korongo au Baiskeli ya Boksi

Mimi ni mstaafu. Chekeni mmalize, nitasubiri.

Ndiyo, nina miaka kumi na minane, meno yangu yote yapo, na mgongo huniuma tu nikitumwa maji. Lakini mtu aliyeanza kazi darasa la tatu akaendelea nayo mpaka akamaliza kidato cha nne, tena bila likizo, mtamwitaje? Wiki ijayo nakwenda kidato cha tano, shule ya wasichana, mbali, ambako nasikia mwalimu wa zamu anakagua kucha kila asubuhi. Kucha zangu zina grisi ya tangu awamu iliyopita. Kwa hiyo nimestaafu ufundi wa baiskeli. Nyie wadogo zangu mnaobaki kwenye kibanda cha Mjomba Jilala, hapa Bariadi, kuanzia leo nikipita mniamkie.

Mama amesema niwaachie wosia. Mjomba amesema niwaachie spana zake. Nafanya yote mawili, ila spana ya kumi na tatu siioni na msiniulize.

Tuanze na mteja. Mteja akifika, msimuulize baiskeli ina nini. Atasema, "Sijui, imeanza tu." Hakuna baiskeli inayoanza tu. Muulizeni alibeba nini. Hapo ndipo atakapotazama pembeni na kusema alimbeba mama mkwe, na gunia la mpunga, na mbuzi, lakini mbuzi alikuwa mdogo.

Halafu mjue watu wetu wanavyochagua. Sisi Wasukuma baiskeli tunaichagua kama ng'ombe. Mzee anaizunguka bila kusema neno. Anaipiga kofi kwenye siti. Anainua karia kana kwamba ni mkia, anachungulia. Anauliza ilikuwa kwa nani, imelala wapi masika, na kama ina tabia. Nimemwona mzee mmoja kutoka Nkoma ameinama mbele ya taa muda mrefu, nikaapa anatafuta meno.

Utaratibu huo ulifaa sana enzi za kibali. Nyie hamzikumbuki, mlikuwa mnanyonya. Baiskeli mpya ilikuwa haipatikani mpaka uwe na karatasi ya ofisini na mtu unayemjua, na ukishampata mtu, baiskeli zimekwisha. Kwa hiyo kila baiskeli ya Bariadi ilikuwa imeungwaungwa. Mjomba alikuwa nayo moja yenye fremu ya marehemu katekista, magurudumu ya bwana shamba, na kengele iliyopatikana kwa njia ambayo mpaka leo hapendi kuulizwa. Mteja akija kudai spoki zake alizoziacha, Mjomba anamwambia, "Zimeolewa."

Kisha ikaja ruksa. Maduka yakajaa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, wakulima wakashika hela, na ng'ambo ya barabara, dukani kwa Mzee Salimu, yakapangwa maboksi mpaka kwenye dari. Baiskeli mpya kabisa, huhitaji kibali wala kumjua mtu. Mjomba aliyaangalia yale maboksi yakishushwa, akaacha kula.

"Tumekwisha, Kabula," akaniambia. Kabula ndiyo mimi. "Nani tena ataleta fremu ya marehemu?"

Wapi. Kazi iliongezeka. Baiskeli ya boksi, wadogo zangu, ni mtoto mchanga: nzuri sana kuitazama, lakini bado haijui kufanya chochote. Ndani ya habu kuna grisi kidogo kama mate ya paka. Spoki zimelegea. Nati zimekazwa na mtu ambaye saa ya kula ilikuwa imefika. Mwenye akili anaitoa dukani, anavuka barabara, anatuachia tuifumue yote na kuifunga upya. Asiye na akili anaipakia pamba siku hiyohiyo.

Na kuna karatasi. Boksi likifunguliwa, mabomba ya fremu yamezungushiwa karatasi ili rangi isikwaruzike njiani. Huko ilikotengenezwa nadhani wanategemea tutaitoa. Bwana mmoja mkulima wa pamba alikataa. Mjomba alimsihi, maji ya mvua yanaingia humo chini na hayatoki.

"Fundi," yule bwana akasema, "nikiitoa karatasi, watu watajuaje ni mpya?"

Akaifunga na plastiki juu yake, akaiosha kila Jumapili kama dume la maonyesho. Masika yalipopita akaja anasikia kitu kinakatika chini ya makalio. Tulipofumua karatasi, fremu ilikuwa biskuti. Sikucheka mbele yake. Nilikwenda nyuma ya kibanda, nikacheka huko, nikarudi nikiwa na sura ya msibani.

Sasa niwaambie ya Mayu Minza, maana ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na nyie mtamwona akija, mumheshimu.

Mayu Minza ni mama mjane wa Nkololo, anauza dagaa hapa sokoni. Zamani alikuwa ananunua kwa vijana wanaozileta kwa baiskeli kutoka Kalemela, ziwani. Vijana wale walikuwa wanampa zilizobaki chini ya gunia, zilizovunjika, zenye mchanga zaidi ya samaki. Siku moja mchana alikuja kibandani akaketi kwenye kigogo changu bila kukaribishwa.

"Mwadila, Jilala."

"Mwadila, mayu. Za nyumbani?"

"Nyumbani kuna mtamba mmoja. Ndiye aliyebaki katika zizi la marehemu, na ana mimba yake ya kwanza. Nataka kumpeleka mnadani Jumamosi, ninunue baiskeli, dagaa nikazifuate mwenyewe Kalemela. Nimekuja uniambie kama nina wazimu."

Mjomba aliweka spana chini. Ukiuza mtamba mwenye mimba umeuza ng'ombe wawili, na kwetu zizi likishaota majani, hata majirani wanakusalimia kwa sauti nyingine. Baiskeli ikimfia njiani, hana ng'ombe, hana dagaa, hana pa kuanzia.

Mzee Salimu alikuwa amesikia kila kitu kutoka ng'ambo. Yule mzee ana masikio ya sungura.

"Mama Minza," akaita, "usiwasikilize hao. Fundi anakula kwenye kilichoharibika."

"Na wewe unakula kwenye kitakachoharibika," Mjomba akamjibu.

"Mimi nauza kitu kizima, kina boksi."

"Boksi nalo litapanda mlima?"

Huwa wanatupiana hivyo kutwa nzima, na jioni wanakunywa kahawa pamoja. Msije mkadhani ni ugomvi mkaingilia kati. Mimi niliingilia siku moja nikafukuzwa na wote wawili.

Mayu Minza hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anatazama juu, kwenye mapau ya kibanda.

"Na ile?"

Ile ilikuwa Korongo. Mzungu mmoja alipita hapa akizunguka nchi kwa baiskeli, mwembamba, mwekundu kama nyanya. Malaria ikamlaza, na tairi zake nyembamba zilikuwa zimekwisha, na tairi za namna ile hapa hazijawahi kuonekana. Akapanda lori, akamwachia Mjomba baiskeli. Mjomba akaitundika kama picha ya harusi. Fremu ndefu, nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Nyuma ina gia, meno juu ya meno. Watoto walikuwa wanakuja kuiangalia baada ya kanisa.

"Ile si ya kazi, mayu," Mjomba akasema.

"Mwenyewe alitoka nayo wapi?"

"Mbali sana. Kwanza alikuwa ameshavuka nchi nyingine."

"Na mizigo?"

"Na mizigo, na hema, na sufuria."

"Basi ni ya kazi. Ishusheni, nitawalipa kwa dagaa, mtamba abaki."

Tukaishusha. Mjomba aliipangusa vumbi kama anayemuaga binti yake.

Hapa shikeni kalamu, maana hii ndiyo elimu. Ukiunga baiskeli kuukuu kwa ajili ya safari ndefu, usijiulize kipi kizuri. Jiulize kipi kinapatikana kijiji kile kitakapoharibikia. Mjomba alitaka kuacha gia. Alizipenda, alikuwa anaziwekea mafuta hata zikiwa zimetundikwa.

"Mjomba," nikamwambia, "mnyororo wa hizi gia ukikatika Kalemela, atanunua wapi?"

"Ataagiza."

"Kwa nani, kwa mzungu?"

Baadaye akazitoa mwenyewe, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka mfukoni. Tukaweka magurudumu ya kawaida, ringi ya ishirini na nane, ambayo tairi na tyubu zake zinauzwa hata kwenye duka lenye chumvi na viberiti tu. Yaligoma kuingia na madigadi, tukatoa madigadi. Habu zetu ni nyembamba kuliko uma wa Korongo, tukajaza washa pande mbili. Breki zilikuwa haziifikii ringi, nikachonga tundu kwa tupa asubuhi nzima mpaka zikapanda. Mnyororo mnene, friwili ya kawaida, ila kule mbele kwenye pedali tukaacha meno madogo, ili kwenye mwinuko mguu usilie. Usukani wa kondoo Mayu Minza aliukataa yeye mwenyewe.

"Hizi pembe za nini? Mnataka nimpige mtu?"

Tukaweka usukani wetu, tukaubana na kipande cha kopo la maziwa kwa sababu ulikuwa unacheza.

Karia ndiyo ilitushinda. Mjomba alikuwa amesimama tayari kwenda kwa mchomeleaji na nondo zake. Nikamkumbusha mwalimu wa kwaya. Nyie hamkuwepo. Mwalimu wa kwaya alikuwa na fremu nyembamba namna hii, Mjomba akaichomelea karia, moto ukaila bomba pasipo mtu kujua. Siku ya kwenda kwenye mashindano fremu ikakatika katikati ya mteremko. Mwalimu alibaki na usukani mkononi, ngoma ikaendelea na safari peke yake mpaka kwenye josho. Kwaya ilishika nafasi ya mwisho ikiwa inapiga ndoo.

"Hiyo habari umeshaieleza sana," Mjomba akasema, lakini nondo akaziweka chini. Tukaifunga karia kwa bolti na mipira ya tyubu.

Siku ya kujaribu, tuliweka gunia la mchanga nyuma, kubwa, la kulala upande kwa upande, jinsi watu wote wanavyopakia. Nikapanda mimi. Wadogo zangu, Korongo ilitingisha kiuno. Sisemi iliyumba, nasema ilicheza. Mbele inakwenda mnadani, nyuma inakwenda hospitali. Watu wa sokoni wakapiga makofi. Nikaenda nayo mpaka kwenye mtaro, nikalala humo nikitafakari maisha.

Mzee Salimu akaja kunitoa. Ni mtu mwema, msimsengenye. Akanipangusa, akamgeukia Mayu Minza, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Dada, mimi sitaki ng'ombe wako auzwe bure. Lakini sitaki na wewe ufie njiani. Ile yangu ni nzito, ndiyo, lakini ni chuma. Haichezi namna hii."

Na alisema kweli. Siwaambii kwamba mpya ni mbaya. Mtu anayekwenda shamba na kurudi, mpeni ya boksi, muitoe karatasi, mjaze grisi, atazeeka nayo. Mjomba mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Mayu," akasema, "nadhani fremu ni laini mno kwa dagaa."

Mayu Minza alikuwa amechuchumaa karibu na Korongo, anagusa vitundu viwili vidogo kule chini, karibu na nati ya gurudumu. Vilikuwepo pia mbele, kwenye uma. Miaka yote tulidhani ni vya kufungia kufuli.

"Punda wako ungempakia hivi?" akauliza.

"Hivi vipi?"

"Mzigo wote juu ya makalio. Punda akipakiwa hivi anakuangalia tu, anakataa kutembea. Huyu kakataa, mnamlaumu."

Tangu nizaliwe nimemwona punda akibeba shogi, mfuko huku na mfuko huku, umening'inia chini kwenye mbavu. Na tangu nizaliwe nimeona baiskeli ikipakiwa gunia moja juu kama mtu amebeba kaka yake. Sikuwahi kuyaweka pamoja. Mayu Minza alikwenda nyumbani, akashona shogi za magunia, jozi kubwa ya nyuma na jozi ndogo ya mbele. Sisi tukakunja vyuma vyembamba, tukavifunga kwenye vile vitundu. Tukajaza mchanga uleule. Nikapanda tena, safari hii nikiwa nimeshasali.

Ilikwenda kimya. Nzito, ndiyo, lakini imetulia kama ng'ombe anayejua zizi lake.

"Mchanga hauozi," Mzee Salimu akasema. "Dagaa zinaoza. Na kutoka Kalemela si hapa sokoni."

Kwa hiyo Mayu Minza akakata shauri lake. Jumatano alfajiri alifika na mtamba, mweupe wa madoa mekundu, akamfunga kwenye nguzo ya kibanda chetu. Alikuwa amevaa kanga mbili, na ndani suruali ya marehemu mume wake.

"Ijumaa nitakuwa nimerudi," akamwambia Mjomba. "Ikichelewa sana, Jumamosi asubuhi. Lakini Jumamosi jua likifika kichwani bila kuniona, ujue Korongo imeshindwa. Mpeleke mtamba mnadani, uninunulie ya boksi. Usinionee huruma. Nikikosa msimu huu wa dagaa, mwakani sina biashara."

"Sawa, mayu."

"Na wewe Kabula, usimpe majani ya mtaroni."

Akapanda, akaenda. Tulimwangalia mpaka kanga ikapotea.

Ijumaa ilipita. Nilikata majani, nikamlisha mtamba, nikamweleza habari ambazo sikuwahi kumweleza mtu. Alikuwa na tabia ya kukulamba kiwiko ukiwa unaziba pancha. Jumamosi asubuhi ikapita. Mzee Salimu alikuwa ameshafungua boksi moja, baiskeli nyeusi inameremeta mlangoni pake, lakini alikuwa ameipa kisogo, anaitazama barabara.

Jua likafika kichwani.

"Mfungue, Kabula," Mjomba akasema.

Nilianza kufungua kamba. Fundo likawa gumu. Kadiri nilivyofungua ndivyo lilivyozidi kuwa gumu, mpaka Mjomba akachungulia akaona nalikaza.

"Tulimwahidi mayu," akasema taratibu. "Hata mimi sitaki."

Tukaondoka, Mjomba mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo nisiyoitumia, Mzee Salimu pembeni amefunga duka, anasema anakwenda kuangalia bei ya mbuzi. Tulitembea polepole sana. Mtamba ndiye aliyekuwa na haraka, hakujua.

Mnadani kulikuwa kumejaa. Mfanyabiashara mmoja alitukuta kabla hatujafika ndani, akampapasa mtamba mbavu, akamminya kiwele.

"Ana mimba huyu," akasema. "Mnauza?"

Mjomba alifungua mdomo. Na mimi nikasikia harufu.

Dagaa. Si dagaa za chini ya gunia. Dagaa za jana, kavu, safi, harufu ya ziwa lenyewe. Nikageuka. Upande wa wauza nyanya kulikuwa na watu wamesongamana, na katikati yao, juu ya kanga moja iliyotandikwa, Mayu Minza anapima kwa kopo, Korongo imeegemea mti wa kufungia ng'ombe nyuma yake, shogi zimeshalegea.

Alituona. Akamwona na mtamba.

"Nyie," akasema, kopo liko hewani. "Huyo anakwenda wapi?"

"Mnadani," Mjomba akasema. "Ulisema jua likiwa kichwani."

"Sasa mimi niko wapi?"

"Ulisema utakuja kibandani, mayu."

"Nije kibandani kufanya nini? Wanunuzi wa dagaa wako kibandani kwako?" Akampimia mteja, akaendelea. "Tairi ya nyuma ilipasuka jana, nikalala kwa watu. Asubuhi nikanunua nyingine palepale kijijini, mwenye duka kaitoa chini ya madumu ya mafuta ya taa. Nikaona nimechelewa, nikakata moja kwa moja huku. Mwache mtoto wa watu," akamwambia yule mfanyabiashara, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye kiwele.

Akauondoa.

Mzee Salimu aliitazama Korongo, akamtazama mtamba, akavuta pumzi ndefu ya mtu ambaye baiskeli yake inamngoja mlangoni. Kisha akachuchumaa.

"Nipimie na mimi," akasema. "Na usinipe zenye mchanga."

"Zenye mchanga ulizizoea kwa wale vijana wa Kalemela."

Jua lilipoanza kulegea alikuwa amemaliza. Alikung'uta kanga, akazikunja shogi, akaifunga kamba ya mtamba kwenye karia, fundo la kulegea ili mnyama akijikwaa lisimvute. Akapanda. Alikwenda mwendo wa kutembea, kwa sababu ya yule mwenye mimba, na mtamba alimfuata akinusa siti yenye harufu ya ziwa.

Nilitaka kupiga vigelegele. Mjomba akanishika bega. Alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza gurudumu la nyuma likipungua sauti barabarani.

"Gololi za nyuma zinalia," akasema.

"Nimkimbilie?"

"Hapana. Mwache afike nyumbani na ng'ombe wake."